Kedi wa Watu Wanne

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta umande. Nilipewa mwanzi mwembamba, mrefu kuliko mimi mara tatu, nikautembeza juu ya grini, kushoto, kulia, mpaka nyasi zikageuka kutoka kijivu zikawa kijani. Grini ni ile sehemu ya uwanja wa gofu yenye nyasi fupi kama zulia, penye shimo na bendera yake. Mpira ukifika hapo haupigwi tena kwa nguvu, unasukumwa tu. Na hapo ndipo wanaume wazima, wenye magari makubwa na wake wapole, hutukana kama makanga wa matatu, kwa sababu mpira umekataa kwenda wanakotaka.

Mimi nilijua mpira utakwenda wapi. Sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu. Nilijua kwa sababu ya maji. Umande ukiusukuma kwa mwanzi hukusanyika, halafu hushika njia yake, na maji hayadanganyiki. Ukisimama kwenye grini ya nne na kutazama vilima vya Ngong kwa mbali, utaapa kwamba ardhi inainama kulia. Maji yalikwenda kushoto, kuelekea mtoni. Nililiona jambo hilo kila asubuhi kwa miaka miwili na sikumwambia mtu, maana hakuna aliyeniuliza.

Baada ya umande tulipiga magoti, sisi mama wa nyasi, kama tulivyoitwa, tukang'oa magugu kwa visu vilivyonolewa ncha. Wengine walikuwa akina mama wa makamo kutoka Kinoo na Waithaka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule niliiacha kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Tulibaki wanne katika chumba kimoja pale Waithaka: mimi, mdogo wangu wa kiume, na wasichana wawili. Serikali ilikuwa imeondoa karo ya shule za msingi, kwa hiyo wale wasichana walikuwa salama. Huyu wa kiume alikuwa kidato cha tatu, na yeye hakuna aliyemwondolea kitu.

Shida ya kibarua cha magugu ni kwamba husimama kila kiangazi. Nyasi zikikauka, na magugu hukauka, na sisi tunaambiwa turudi mvua ikinyesha. Kiangazi kilichotangulia mdogo wangu alikaa nyumbani nusu muhula. Sikutaka akae tena. Kwa hiyo nilitaka beji ya kedi.

Kedi ndiye anayembebea mchezaji begi la fimbo, anayemtafutia mpira vichakani, na zaidi ya yote anayemwonyesha laini, yaani njia ambayo mpira utafuata kwenye grini mpaka shimoni. Kedi anafanya kazi masika na kiangazi. Makedi walikuwa wengi pale klabuni, wote wanaume. Mwanamke hakuwahi kuwapo hata mmoja, na nilipomuuliza kedimasta, mzee aliyewapangia kazi kutoka kibanda chake cha mabati karibu na geti, alicheka hadi chai ikamwagika kwenye rejista.

Kisha akaja Mjapani.

Alikuwa mhandisi wa maji, mtu mfupi, mkavu, aliyekaa Spring Valley. Kiswahili alikuwa amejifunza akichimba visima Ukambani, kwa hiyo alizungumza kama mzee wa Machakos aliyepigwa na mafua. Asubuhi moja alifika grini ya nne nikiwa pembeni na magugu yangu. Kedi wake alikuwa kijana mrefu wa Kawangware ambaye alivaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yametanda.

"Kulia kidogo, mzee," alisema yule wa miwani. "Itarudi yenyewe."

Mpira ukaenda kulia, ukakaa kulia.

"Kwa nini?" Mjapani aliuliza. Alikuwa akiiuliza ardhi yenyewe.

Mimi nikajibu kabla sijajizuia. "Maji huenda kule, mzee. Kwa mto."

"We siz, nani amekuita?" yule wa miwani akanigeukia. "Ng'oa nyasi zako huko."

Mjapani aliurudisha mpira pale pale, akausukuma upande nilioonyesha. Ukapinda polepole, ukaingia. Akavua kofia, akaniinamia, mimi nikiwa bado nimepiga magoti na aproni imejaa magugu.

"Ngai," mama mmoja akanong'ona nyuma yangu. "Ameinamia majani."

Wiki iliyofuata alinitafuta. Alitoa picha kwenye pochi, imechakaa pembe zote. Ilikuwa picha ya uwanja wa gofu wa kwao, chini ya milima. Nyuma kulikuwa na kilele chenye theluji, chini yake miti mirefu iliyonyooka kama penseli, na mbele wanawake saba waliovaa kofia nyeupe zenye kitambaa kilichoshuka hadi mabegani, kama warina asali. Nilidhani ni wapishi.

"Hao ni makedi," alisema. "Wote. Huyu wa pili ni mama yangu."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa ameinua kidole, anaonyesha kitu nje ya picha.

Akanieleza kwamba baba yake alikufa mapema, na mama yake aliwalea kwa kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Huko kwao kedi ni mwanamke, na watu wakimwona mwanamume amebeba begi huuliza kama mkewe ni mgonjwa. Halafu akaniambia jambo ambalo nililijua tayari, ila sikujua kwamba linajulikana mahali pengine. Alisema kwamba kwenye viwanja vya chini ya milima macho hudanganya. Mlima huinamisha kila kitu. Unaona mpira unapanda, kumbe unashuka.

"Mama yangu alikuja asubuhi mapema," alisema, "akaangalia maji."

Nikasema, "Alikuwa na akili."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa kedimasta, akasema anataka mimi nimbebee begi.

"Kedi mwanamke?" kedimasta aliniuliza Mjapani alipoondoka. "Na choo utatumia gani?"

"Ile ya mama wa nyasi."

"Begi unajua uzito yake?"

"Mimi nimebeba maji kutoka mtoni tangu darasa la tatu."

"Msichana, unanijibu sana." Akakuna shingo. "Haya. Leta cheti ya tabia njema. Ya polisi. Bila hiyo hata usinisalimie."

Baadaye nilimuuliza yule wa miwani kama yeye alipeleka cheti hicho. Alishika mbavu kwa kicheko. "Manze, mimi hata jina yenye iko kwa rejista si yangu."

Nilikwenda mjini, kwenye foleni ndefu iliyozunguka jengo. Ilipofika zamu yangu, karani alinishika kidole gumba, akakipaka wino, akakibingirisha kwenye karatasi. Akatazama. Akapaka tena. Doa jeusi tu, bila mstari hata mmoja.

"Dada, vidole vyako umeacha wapi?"

"Ni hivyo hivyo."

"Unafanya kazi gani?"

"Kung'oa nyasi."

"Basi nyasi imekung'oa." Wenzake wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. "Enda upake mafuta, upumzishe mkono wiki mbili, urudi."

Kupumzisha mkono wiki mbili! Nilirudi mara ya pili baada ya siku nne, doa likawa lile lile. Nilikosa kazi siku nzima kwa ajili ya doa. Nikitembea kuelekea stendi, niliwatazama watu wote waliokuwa wakipita mjini, wamebeba vidole vyao mfukoni bila kuvifikiria, nikajihisi ninataka kumpiga mtu.

Basi kila jioni nilipaka mikono yangu mafuta ya kukamulia ng'ombe, nikaivalisha soksi, nikala ugali kwa kijiko. Wadogo zangu walifurahi kupita kiasi.

"Dada amekuwa paka," alisema kitinda mimba.

"Paka ingekuwa inashika panya," alisema mdogo wangu wa kiume. "Huyu hata sufuria hawezi kushika."

"Osha basi wewe," nikamwambia. Akaosha. Aliosha kila siku mpaka nilipopata mistari.

Mara ya tatu yule karani aliinua karatasi kwenye mwanga na kuniambia, "Karibu duniani." Nilisubiri cheti wiki nyingi. Nilipokiweka mbele ya kedimasta, alikisoma pande zote mbili, hata ule usio na kitu. Akataka barua ya chifu. Nilipoleta ya chifu, akataka ya mchungaji. Nilipoleta ya mchungaji, akasema kamati lazima ikae. Kila nilipofungua mlango mmoja nilimkuta amekwisha kujenga mwingine, na alivyokuwa mtulivu akijenga ndivyo nilivyozidi kuchemka. Sikumjibu vibaya. Nilikuwa nimejifunza kwamba hasira yangu ingemrahisishia kazi.

Mwishowe Mjapani aliandikia kamati mwenyewe, na kapteni wa klabu akakubali nijaribiwe siku moja, Jumamosi ya mashindano. Nikifanya vizuri, nipewe beji.

Kabla ya siku hiyo alinifundisha jioni baada ya kazi. Alinifundisha majina ya fimbo, mahali pa kusimama ili kivuli changu kisiguse laini ya mtu, na kutembea na mfuko wa mchanga, ili kila mchezaji anapong'oa kipande cha nyasi, kedi ajaze lile jeraha. Lakini zaidi alinifundisha kazi kama mama yake alivyoifanya. Kule chini ya milima kedi mmoja huwahudumia wachezaji wanne. Mabegi manne kwenye mkokoteni mmoja. Huyu anamfutia mpira, yule anamwonyesha laini, wa tatu anamtafutia mpira, wa nne anamwambia upepo.

"Wote sawa," alisema. "Kedi akipendelea mmoja, kesho hana kazi. Wewe ni wa wote wanne."

Hilo lilinikaa vizuri kuliko yote. Nyumbani tulikuwa wanne, na mimi ndiye niliyekata ugali. Nilijua maana ya kumkatia mmoja kipande kikubwa.

Jumamosi ikafika. Kundi letu lilikuwa na wachezaji wanne: Mjapani, kapteni mwenyewe, daktari mmoja mkimya, na tajiri mmoja mwenye majengo mjini, ambaye kedi wake alikuwa yule wa miwani. Tofauti na kule chini ya milima, kila mmoja alikuwa na kedi wake. Nililiona hilo. Nililiona na sikulifikiria.

Mjapani alicheza kama maji yenyewe. Nilimwonyesha laini, akaifuata. Nilijaza majeraha ya wote, na makedi wenzangu wakaguna.

"Huyu ataharibu kazi," alisema kedi wa daktari. "Kesho watataka sisi wote tubebe mchanga."

"Mwache," alisema yule wa miwani. "Anapika pilau ya harusi yake."

Tulipofika shimo la kumi na saba, Mjapani alikuwa akiongoza uwanja wote kwa mkwaju mmoja, maana katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, na anayemfuata alikuwa yule tajiri. Tajiri alichuchumaa kwenye grini, akatazama mpira wake, akainuka, akachuchumaa tena. Alikuwa anatazama kulia. Nilimwonea huruma jinsi mtu mzima alivyokuwa karibu kukosea jambo dogo hivyo. Na mdomo wangu ukafanya kile ulichofundishwa.

"Kushoto, mzee. Maji huenda kushoto."

Alisukuma kushoto. Mpira ukaingia.

Halafu yule wa miwani akapiga kelele kama mtu aliyeibiwa simu. "Kapteni! Kapteni, umeskia? Amepea mtu yangu laini! Si mtu yake!"

Kapteni alifunga macho kidogo. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaeleza taratibu, kana kwamba ananisomea hukumu kwa upole: katika mashindano, mchezaji hashauriwi na kedi wa mpinzani. Kosa la kedi ni kosa la bosi wake. Tajiri hakuniomba shauri, kwa hiyo hakuwa na hatia. Mjapani aliongezewa mikwaju miwili.

"Kosa ni langu," Mjapani alisema. "Mimi nilimfundisha. Kwetu—"

"Najua," kapteni alisema. "Lakini hapa si kwenu."

Mjapani alimwinamia. Tulimaliza shimo la kumi na nane. Alishindwa kwa mkwaju mmoja, na kombe likachukuliwa na yule tajiri, aliyenipita akiwa amelikumbatia na kusema, "Pole, msichana. Lakini laini ilikuwa tamu."

Kamati ilikaa siku ya Jumatatu. Kedimasta aliniita kibandani kuniambia kwamba sijakomaa. Hakufurahi kunishinda, alionekana kama mtu aliyerudishiwa kiti chake. "Nilisema," alisema, akafunga rejista.

Nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye grini ya tisa, mahali ambapo kulia na kung'oa magugu hufanana. Sikulia kwa kuwa nilikosea. Mtu hukosea. Nililia kwa sababu katika miezi yote ile ya vyeti na barua na soksi za mafuta, kitu pekee kilichoniangusha ni kumwambia mtu ukweli. Ningekuwa sijui kitu, kama kedi wa daktari, ambaye alisema "katikati, bosi" kwa kila grini, ningekuwa na beji.

Mjapani alimaliza mkataba wake miezi miwili baadaye. Kabla ya kuondoka alipeleka ile picha studio ya mjini wakamtolea nakala, akaniletea imefungwa kwa karatasi. "Samahani, Dada," alisema. Nikamwambia asiombe samahani. Lakini nilikuwa nimemkasirikia pia, na nadhani alijua.

Mvua zilikuja. Kazi ya umande iliendelea. Sasa, sijasema bado kwamba tangu siku ile ya grini ya nne makedi walikuwa na desturi mpya. Alfajiri walinipitia mmoja mmoja. "Siz, ya sita leo inaenda aje?" Shimo huhamishwa kila siku, na laini hubadilika nalo, kwa hiyo kila siku kulikuwa na la kuuliza. Nilikuwa nawaambia. Hata yule wa miwani nilimwambia. Mchezo ukiwa haujaanza, si kosa.

Jumanne baada ya kamati yule wa miwani alikuja kama kawaida. "Siz, ya sita?"

"Nikikuambia ni mikwaju miwili."

"Ah, si hiyo ilikuwa mashindano?"

Nikaendelea kufuta. Akasimama pale, umande ukimlowesha viatu. "Kwani umenikasirikia?"

"Mimi mama wa nyasi. Najua nyasi tu."

Nilinyamaza siku hiyo, na wiki hiyo, na mwezi huo, na miezi iliyofuata. Mama mmoja wa Kinoo alinionya, "Mtoto, wewe ukinyamaza, tumbo halitanyamaza." Nilijua. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kuwanyima. Wakati huo grini ya kumi na moja ilikuwa imepandwa upya, imeinuliwa upande mmoja, na hakuna kedi aliyeielewa. Mabosi walianza kulalamika. Wakasema makedi wamezembea, wanakunywa, hawaangalii. Kapteni mwenyewe alikosa pale mara tatu kwa siku moja.

Aliyeniombea mwishowe ni yule wa miwani. Nilikuwa nje ya kibanda nikinoa kisu, nikamsikia akimwambia kedimasta.

"Mpee beji, buda. Tunaumia."

"Kamati ilikataa."

"Kamati haibebi begi."

Kedimasta alikaa siku tatu na neno hilo. Kisha akaniita. Beji ilikuwa mezani, ya bati, imekunjika ukingo. Kiangazi kilikuwa kimekaribia. Nyasi za nje ya grini zilikuwa zimeanza kuwa njano.

"Jumanne tu," alisema. "Siku ya akina mama. Jumamosi usinikaribie."

Siku moja kati ya saba, kwa miezi yote ile ya kungoja. Niliitazama ile beji muda mrefu, mpaka akadhani nitaikataa. Nikaichukua. Sikusema asante. Siku moja kwa wiki ingemweka mdogo wangu darasani, si kwa raha, lakini ingemweka.

Jumanne ya kwanza sikufuta umande. Nilikuwa kwenye foleni ya makedi getini, na aliyefuta ni mama mwingine, na hakuna aliyemuuliza. Nilipewa begi la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mkali, mzuri. Yalikuwa mashindano yao ya mwezi. Katika kundi letu la wanawake wanne, mmoja alibebewa na yule wa miwani. Nilijaza majeraha ya wote wanne kwa mchanga. Hilo halikatazwi.

Tukafika ya kumi na moja. Nilikuwa nimeifuta jana yake. Niliijua kama kiganja changu. Yule mama aliyebebewa na kijana wa miwani alitazama mpira wake, akatazama vilima, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika bendera. Labda kwa sababu nilikuwa mwanamke.

"Msichana, hii inaenda wapi?"

Wote wakanitazama. Yule wa miwani alivua miwani yake. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa madogo na yamechoka.

"Muulize kedi wako, mama," nilisema.

Akamgeukia. Yeye akaendelea kunitazama mimi kwa muda, akingoja hata niinue kidole. Vidole vyangu vilikuwa kwenye mti wa bendera, nimeviminya mpaka vikauma.

"Kulia kidogo, mama," alisema hatimaye. "Itarudi yenyewe."

Mpira ukaenda kulia. Nikautazama ukikaa kulia.